Kunusa Si Kupima: Mhadhara Kuhusu Uvujaji wa Gesi Asilia



Naomba tuanzie jikoni. Kila mwenye mtungi anaijua ile harufu inayotoka mpira unapolegea kwenye kichwa cha mtungi: harufu ya kukera, kama ya yai viza. Mama akiinusa hufunga koki, hufungua madirisha, huwakataza watoto kugusa swichi ya taa. Wengi wetu tunaamini hiyo ndiyo harufu ya gesi. Sivyo. Propani na butani zilizomo mtungini hazina harufu ya kumshtua mtu, na gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, haina harufu kabisa, wala rangi. Harufu mnayoinusa imetiwa kwa makusudi. Ni kemikali ya jamii ya merkaptani, na kiasi kidogo sana chake hutosha kumshtua mtu.

Desturi hiyo ya kuitia gesi harufu ilienea kwa sababu ya msiba. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London, jimbo la Texas, gesi asilia ilijaa chini ya sakafu ya shule bila mtu yeyote kujua. Mwalimu mmoja aliwasha mashine ya umeme ya kusugulia mbao, cheche ikaruka, jengo likainuka na kuporomoka. Walikufa watu karibu 300, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria zikataka gesi inayokwenda kwa wananchi itiwe harufu. Kanuni za Marekani leo zinataka mtu mwenye pua ya kawaida aweze kuinusa gesi inapofika sehemu moja ya tano ya kiwango cha chini cha kuwaka. Methani huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, kwa hiyo pua inatakiwa ishtuke gesi ikifika kama asilimia 1.

Na hapo nitoe tahadhari moja kabla sijaendelea, maana ni jambo la uhai. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka, hutambaa sakafuni, huingia kwenye mifereji na mashimo. Gesi asilia ni nyepesi, karibu nusu tu ya uzito wa hewa, hivyo hupaa na kujikusanya darini. Anayepika kwa mtungi afungue mlango na asafishe hewa ya chini. Mwenye bomba la gesi asilia ahakikishe hewa inapata njia ya kutokea juu.

Pua imetufaa sana, na sina nia ya kuidharau. Lakini pua hujibu swali moja tu: ipo au haipo. Haiwezi kusema ni kilo ngapi kwa saa. Haiwezi kusema kama uvujaji wa leo ni mkubwa kuliko wa jana. Tena pua huchoka. Ukikaa kwenye harufu kwa muda, huisikii tena. Kwenye visima na mitambo ya kusafishia gesi, kabla gesi haijatiwa harufu, pua haina hata la kusema. Jioni ya leo nataka tukae kwenye tofauti hiyo, kati ya kugundua na kupima, kwa sababu naona wenzangu wengi, na hata wakubwa wanaotia sahihi taarifa, wanayachukulia mambo haya mawili kama jambo moja.

Niwapeleke California.

Juu ya mtaa wa Porter Ranch, kaskazini mwa jiji la Los Angeles, milimani, kuna eneo liitwalo Aliso Canyon. Chini yake kulikuwa na mafuta. Mafuta yalipopungua, mwamba ule uligeuzwa kuwa ghala la gesi: gesi inasukumwa chini matumizi yanapokuwa madogo, inatolewa matumizi yanapopanda. Kulikuwa na visima zaidi ya 100. Kimoja kiliitwa SS-25, na kilikuwa kimechimbwa mwaka 1953 kwa ajili ya mafuta. Tarehe 23 Oktoba 2015, wafanyakazi wa kampuni ya SoCalGas waligundua kwamba kisima hicho kinavuja.

Watu wa Porter Ranch waligundua pia, kwa pua zao. Gesi ya pale ilikuwa na ile harufu. Watoto wakaanza kutoka damu puani, watu wakaumwa vichwa, wakatapika. Zaidi ya kaya 8,000 zilihamishwa, na wanafunzi wa shule mbili wakapelekwa kusomea kwingine. Tarehe 6 Januari 2016 Gavana Jerry Brown alitangaza hali ya dharura. Mafundi walijaribu mara saba kukiua kisima kwa kusukuma matope na maji mazito kutoka juu. Mara zote walishindwa; gesi iliyatapika yale matope nje, ikachimba shimo kuzunguka kichwa cha kisima. Mwishowe ikabidi kuchimba kisima kingine pembeni, kiende kwa mshazari mpaka kikutane na kile cha kwanza chini kabisa, zaidi ya kilomita mbili na nusu ardhini. Tarehe 11 Februari 2016 gesi ilidhibitiwa, na wiki moja baadaye kisima kikazibwa kwa saruji. Zilikuwa siku 112.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2019 ulieleza chanzo. Bomba la chuma la inchi 7 lililokuwa ukuta wa kisima kwa ndani lilikuwa limeliwa na kutu kutokea nje, pale lilipogusana na maji ya ardhini, na bakteria walichangia kutu hiyo. Vali ya usalama iliyokuwa chini kisimani iliondolewa mwaka 1979, na haikurudishwa nyingine.

Sasa, katika siku zile za mwanzo wa Novemba 2015, kila mtu alijua kwamba kunavuja. Aliyejua ni kiasi gani hakuwapo. Kampuni haikuwa na chombo cha kuipima gesi inayotoka ovyo mlimani, na serikali nayo haikuwa nacho. Aliyekwenda kupima ni Stephen Conley, mwanasayansi wa hewa wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambaye pia ni rubani. Alikuwa na ndege ndogo ya injini moja iliyofungwa vyombo vya kupimia methani, na tayari alikuwa na mkataba na serikali ya jimbo wa kutafuta uvujaji kwenye mabomba. Tarehe 7 Novemba aliruka juu ya Porter Ranch. Namba alizoziona zilikuwa kubwa kiasi kwamba ilimbidi kwanza ajiridhishe kuwa chombo hakijaharibika. Hakikuwa kimeharibika. Aliruka mara 13 hadi kisima kilipozibwa. Katika kilele chake, SS-25 kilikuwa kinatoa karibu tani 60 za methani kwa saa. Jumla yake, kwa hesabu ya Conley na wenzake iliyochapishwa mwaka 2016, ilikuwa tani 97,100. Kwa miezi ile, kisima kimoja kiliongeza maradufu methani inayotoka katika bonde zima la Los Angeles, pamoja na madampo yake, mabomba yake na viwanda vyake.

Nataka mwone namna anavyofanya, kwa sababu wengi hudhani ni uchawi wa mashine. Si uchawi. Ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaiweza.

Fikirini Mto Msimbazi. Unataka kujua mtaa fulani unamwaga taka kiasi gani mtoni. Huna haja ya kugonga mlango wa kila nyumba. Unasimama juu ya mtaa, unapima uchafu uliomo kwenye maji yanayoingia. Unasimama chini ya mtaa, unapima tena. Tofauti ukiizidisha kwa wingi wa maji yanayopita kila sekunde, umepata mchango wa mtaa huo. Ndege inafanya vivyo hivyo, ila mto wake ni upepo. Inauzunguka mtambo, mzunguko juu ya mzunguko, kuanzia chini karibu na ardhi hadi juu ambako hewa ni safi. Upande unakotokea upepo inapima methani ya kawaida, ambayo siku hizi ni karibu sehemu 2 katika milioni ya hewa. Upande unakoelekea upepo inapima ya kawaida pamoja na ya ziada.

Tuchukue mfano wa mezani. Ndege imelikata wingu la gesi lenye upana wa mita 1,000 na kimo cha mita 300. Upepo unavuma mita 4 kwa sekunde. Basi kila sekunde, hewa ya mita za ujazo 1,200,000 inapita kwenye dirisha hilo. Chombo kinaonyesha kwamba hewa hiyo ina methani ya ziada, kwa wastani, ya sehemu 1 tu katika milioni. Ni kidogo mno. Hakuna pua, hakuna kengele ya mtambo itakayoisikia. Sehemu 1 katika milioni ni takriban miligramu 0.66 za methani kwa kila mita ya ujazo. Zidisheni. Mnapata karibu gramu 790 kwa sekunde, yaani tani 2.8 na ushei kwa saa. Kufika tani 60 za Aliso, kwa upepo huo na dirisha hilo, ziada ingetakiwa iwe zaidi ya mara 20.

Angalieni pia udhaifu wa hesabu hiyo. Mimi nimesema upepo ni mita 4. Kama kweli ulikuwa mita 3, jibu langu lote limezidi kwa theluthi nzima, hata kama chombo changu cha methani ni cha bei mbaya kuliko vyote duniani. Anayepima gesi angani anapima upepo kwanza. Ndiyo maana kipimo cha kweli huja na kiasi cha kosa lake kikiwa kimeandikwa pembeni. Bodi ya hewa ya California ilipokusanya njia kadhaa za hesabu kuhusu Aliso ilifikia tani 109,000, ikaandika kosa la tani 9,000 juu au chini. Namba hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa deni. Katika makubaliano ya mwaka 2018, kampuni ilitakiwa kugharamia kazi za kuondoa methani ya kiasi hichohicho, tani kwa tani. Bila ndege ile kuruka, deni lingeandikwa kwa kupatana.

Basi tuteremke kutoka angani, twende kwenye flenji, pale vipande viwili vya bomba vinapounganishwa kwa boliti.

Nilipoanza kazi, fundi mmoja mzee alinikabidhi kopo, brashi ya rangi na sabuni ya unga. Tukaenda kwenye laini ya mabomba asubuhi, kabla jua halijawa kali. Flenji ya kwanza ilikuwa na boliti nane. Akapaka maji ya sabuni kuzunguka kingo, polepole, akihakikisha povu limeziba nafasi yote kati ya vyuma viwili. Tukachuchumaa kusubiri. Kwa nusu dakika sikuona kitu. Kisha, kati ya boliti ya tatu na ya nne, vikaanza kutokea vipovu vidogo kama punje za mtama, kimoja, vitatu, kundi zima, vikipanda juu ya vingine na kupasuka. Mzee hakunyanyua spana mara moja. Alinionyesha kwamba upande wa pili wa flenji ulikuwa umekazwa kupita kiasi, gasketi imeinama. Akalegeza kule, akakaza kwa kukingama, boliti moja na ile inayoitazama, duru mbili. Akapaka tena. Povu likatulia.

Maji ya sabuni ni kigunduzi kizuri mpaka leo, na simcheki mtu anayeyatumia. Baadaye nilipewa chombo chenye mrija kama pua ya tembo, unachokipitisha kwenye kila maungio nacho kinasoma methani kwa sehemu katika milioni. Nilikifurahia sana. Nikawa naandika kwenye daftari: vali hii 3,000, flenji ile 12,000. Ilinichukua muda kuelewa kwamba namba hizo si kipimo cha uvujaji. Ni kipimo cha hewa iliyopo kwenye ncha ya mrija kwa sekunde hiyo. Sogeza mrija sentimita mbili, inabadilika. Upepo ukigeuka, inabadilika. Tundu dogo lililo mbele ya mrija husoma kubwa, na ufa mkubwa uliofunikwa na kinga husoma ndogo.

Ili kupima, lazima uikamate gesi yote. Njia mojawapo ni mfuko. Unafunika mdomo wa bomba la kupumulia kwa mfuko usioshika umeme tuli, wenye ujazo unaojulikana, na unashika saa. Mfuko wa lita 50 ukijaa kwa sekunde 25, umepata lita 2 kwa sekunde, bila ubishi. Njia nyingine ni chombo cha kufyonza: kinavuta hewa yote inayoizunguka vali, tuseme lita 200 kwa dakika, kikipima methani iliyomo. Kikisoma asilimia 2, vali ile inavuja lita 4 kwa dakika. Mnaona ni kidogo? Ni karibu mita za ujazo 5.8 kwa siku, na kwa mwaka ni zaidi ya mita za ujazo 2,000, karibu tani moja na nusu ya methani. Vali moja, kwa sababu ya pakingi iliyochakaa.

Na methani si hewa ya kupuuzwa. Kwa kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani inayotoka kwenye mafuta na gesi huipasha dunia joto zaidi ya mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi. Lakini haidumu: huko angani inaisha kwa muda wa kama miaka kumi na kidogo. Kwa hiyo anayeziba uvujaji leo, faida yake ataiona yeye mwenyewe, si vitukuu wake tu. Tena gesi hiyo inauzwa. Sifahamu biashara nyingine ambayo mwenye mali anaiachia bidhaa itoke mlango wa nyuma kisha anaandika kwenye vitabu kwamba hasara ni kiasi fulani kwa kubuni.

Neno kubuni nimelitumia kwa makusudi. Kwa miaka mingi, duniani kote, namba za uvujaji zimeandikwa mezani. Unahesabu vali ngapi, flenji ngapi, kompresa ngapi, unazidisha kila moja kwa wastani uliotolewa kwenye kitabu, unajumlisha. Wastani mwingi wa vitabu hivyo unatokana na uchunguzi uliofanywa Marekani miaka ya 1990. Vali ya kisiwani, inayopulizwa na chumvi ya bahari usiku na mchana, inapewa namba ya vali ya jangwani Texas ya zama zile.

Watafiti wa Marekani wakaenda kupima kwelikweli, kwa magari, kwa ndege, kwa vyombo vya mkononi. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba sekta ya mafuta na gesi ya nchi hiyo ilitoa karibu tani milioni 13 za methani mwaka 2015, sawa na asilimia 2.3 ya gesi yote iliyozalishwa. Hiyo ilizidi hesabu rasmi ya serikali kwa takriban asilimia 60. Tena hesabu rasmi ilifuata kitabu barabara. Tatizo ni kwamba kitabu kinakupa vali ya wastani, na vali ya wastani haipo. Tafiti nyingine zimeonyesha kwamba asilimia 5 tu ya uvujaji, ile mikubwa, hutoa zaidi ya nusu ya gesi yote inayopotea. Yaani kati ya matundu 100, matano yana uzito kuliko 95 yaliyobaki. Ukiwa hujakwenda siku ambayo yale matano yametokea, umepima vumbi ukaacha mchanga.

Mfano unaoniuma ni moto wa mnara, ule mwali mnaouona usiku juu ya mitambo ya mafuta. Vitabu husema kwamba mwali huo unateketeza asilimia 98 ya methani. Watafiti waliruka juu ya maeneo makubwa ya mafuta ya Marekani, wakapima, wakachapisha mwaka 2022: ni kama asilimia 91 tu. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na minara isiyowaka sawasawa na mingine iliyozimika kabisa. Mnara unaowaka unaonekana kutoka mbali na watu wanaulalamikia. Mnara uliozimika umesimama kimya, safi machoni, na unamwaga gesi yote nzima angani. Mpita njia atadhani mambo yametengemaa.

Ndipo inapokuja kamera. Methani hufyonza mionzi ya infraredi ya urefu wa mawimbi wa takriban mikroni 3.3, mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Kamera maalumu, ambayo kihisi chake hupozwa hadi zaidi ya nyuzi 150 chini ya sifuri, huionyesha gesi kama moshi. Mara ya kwanza kutazama ndani ya kamera ile, nilikuwa nimesimama mbele ya tangi nililopita mara nyingi. Kwa macho palikuwa na chuma na anga. Kwenye kioo, moshi mweusi ulikuwa unamwagika kutoka kwenye kifuniko cha juu, ukipinda na upepo, kama sufuria iliyochemka ikaachwa. Nilishusha kamera nikatazama kwa macho: hakuna kitu. Nikainua tena: moshi.

Lakini kamera nayo inamtaka mwenye kuijua. Gesi huonekana ikiwa joto lake linatofautiana na joto la kilicho nyuma yake. Vikilingana, inatoweka, hata kama inatoka kwa wingi. Katika kituo cha majaribio cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambako gesi huvujishwa kwa makusudi na kwa kipimo kinachojulikana ili wakaguzi wajaribiwe bila kuambiwa iko wapi, ilionekana kwamba wakaguzi waliokwisha kukagua mamia ya vituo waligundua uvujaji mara 1.7 zaidi ya wale wenye uzoefu mdogo. Kamera ni ileile. Nawaambia wakuu wa vitengo: msinunue kamera ya mamilioni kisha mkampa kijana aliyehudhuria semina ya siku mbili.

Zipo pia leza za mkononi, vinasa sauti vinavyosikia mlio wa gesi ambao sikio haliusikii, na ndege nyuki. Sitakaa huko, vyote vinafanya kazi nzuri, na vyote vinarudi kwenye maswali yaleyale ya upepo na umbali.

Ninayotaka kukaa nayo ni setilaiti, kwa sababu siku hizi nasikia watu wakisema: kwa nini tuhangaike, si setilaiti zinaona kila kitu? Zimefanya makubwa, kweli. Gesi ya Aliso Canyon ilionekana kutoka angani wakati ule. Mwaka 2019 setilaiti ya kampuni ya GHGSat, ikitafuta volkano ya matope magharibi mwa Turkmenistan, ilikuta wingu kubwa la methani likitoka kwenye mitambo ya gesi. Mwaka 2023 huko Kazakhstan kisima kilichokuwa kinachimbwa kililipuka, kikavuja kwa zaidi ya siku 200. Watafiti waliokuwa mbali kabisa na pale, kwa kutumia picha za setilaiti tu, walikadiria kuwa kilitoa zaidi ya tani 120,000, kupita hata Aliso.

Angalieni hayo ni maeneo gani. Turkmenistan ni jangwa. Anga jeupe, ardhi kavu inayorudisha mwanga. Setilaiti hizi huisoma methani kwa mwanga wa jua uliogonga ardhi ukarudi juu. Wingu likitanda, hazioni. Baharini, maji huumeza mwanga huo, nazo haziwezi kusoma ila pale jua linapong'aa juu ya maji kwa pembe maalumu. Sasa tazameni ramani yetu. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, iko kisiwani na chini ya bahari. Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, iko ukingoni mwa bahari kusini mwa Mtwara. Gesi nyingi tuliyoigundua baadaye iko kwenye maji ya kina kirefu. Masika yakianza, mawingu hukaa juu ya pwani yetu wiki nzima. Tena setilaiti inayozunguka dunia nzima kila siku huona uvujaji mkubwa mno tu, wa tani nyingi kwa saa. Zenye macho makali zaidi hutazama mahali padogo, siku zilizopangiwa. Pwani yetu ikikosekana kwenye ramani za uvujaji za dunia, maana yake inaweza kuwa kwamba hatuvuji. Inaweza pia kuwa kwamba hatujatazamwa. Ramani haiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Kwa hiyo sisi, kuliko watu wa jangwani, tunahitaji watu wa kwenda kwa miguu na kwa boti. Mitambo yetu bado ni michache. Visima vinahesabika, na bomba kubwa la Mtwara hadi Dar es Salaam limezinduliwa mwaka 2015 tu. Nchi yenye visima laki moja vilivyosahaulika ina kazi ya karne nzima. Sisi tunaweza kuipitia kila vali tuliyo nayo, kwa jina na namba yake, kila robo mwaka, na kujua kila moja imetoa kiasi gani. Vijana wa kuifanya kazi hiyo wamo katika ukumbi huu. Na wanunuzi wa nje wameanza kuuliza: mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya methani inayogusa hata gesi na mafuta yanayoagizwa kutoka nje. Siku gesi yetu itakapopakiwa melini, swali hilo litakuwa limetangulia bandarini.

Ombi langu ni kwenu wanafunzi, kwa sababu baada ya miaka michache taarifa hizi zitapita mikononi mwenu. Mtaletewa karatasi yenye mstari mmoja: uvujaji wa methani kwa mwaka, tani kadhaa. Ulizeni nani alikwenda kupima. Ulizeni alikwenda tarehe gani, na chombo gani, na chombo hicho kilijaribiwa lini kwa gesi ya kiasi kinachojulikana. Ulizeni upepo ulikuwa kiasi gani na nani aliupima. Ulizeni kosa ni kiasi gani juu na chini. Mkijibiwa kwamba namba imetoka kwenye kitabu, msitie sahihi.